Majina ya Kiingereza ya Njia Yetu ya Msikitini

Baba Rukia, mume wangu mpendwa,

Barua hii nimeiandika mara mbili nikaichana. Ya kwanza ilijaa sifa, kama maneno ya watu siku ya hitima, na wewe sifa nyingi zilikuwa zikikuchekesha. Ya pili ilijaa matusi, na hayakuwa yako. Hii ya tatu naiandika Jumapili mchana, hapa kwenye meza ya jikoni, Hounslow, London, ndege zinapita juu ya paa kama kawaida. Nimejiapia kukwambia kweli, hata wakisoma wengine wakanicheka.

Kweli ni kwamba nilikuwa na wivu. Ulipokuwa hai nilikuwa nao, ulipozikwa ukazidi, na wiki tatu zilizopita umenipanda upya nikiwa nimesimama njiani na mfuko wa viazi mkononi. Nitafika huko. Kwanza nikukumbushe tulikotoka.

Unakumbuka tulipohamia nyumba hii? Rukia alikuwa kwenye kigari cha kusukuma, na Kiingereza changu kilikuwa "thank you" na "how much" basi. Vibao vya barabara vilinitisha. Nikatoka siku moja kwenda kukupokea msikitini nikapotea, nikazunguka mpaka mtoto akalala kwa kulia. Uliponikuta ulinipangusa uso kwa ncha ya mtandio wangu, ukasema, "Achana na vibao vyao, bibi we. Njia hii tutaipa majina yetu."

Tukaipa. Kutoka mlangoni petu hadi msikitini ni mwendo wa dakika kumi na tano, na kila kipande cha kando ya barabara kilipata jina. Nyumba yenye mawaridi mekundu ukutani tukaiita Kwa Bi Mawaridi. Ile yenye mlango wa manjano uliopauka tukaiita Mlango wa Samli. Palipokuwa na paka mnene aliyekaa dirishani akitutazama kwa dharau pakawa Kwa Bwana Shehe. Ulikuwa ukinipigia simu kutoka kazini, "Umefika wapi?" nami nikijibu, "Niko Mlango wa Samli," ukajua nimebakisha hatua ngapi. Hapana mtu mwingine London nzima aliyejua Mlango wa Samli uko wapi. Mimi nilitosheka. Wenzangu walikuwa na mabangili, mimi nilikuwa na barabara.

Kisha macho yako. Daktari alisema ni presha ya macho, na kwamba tumechelewa. Uliendesha basi la abiria wa uwanja wa ndege miaka kumi na minane bila kugonga hata kopo, halafu siku moja ukaitia leseni yako kwenye bahasha, ukanipa nikaiposti, kwa sababu sanduku la posta lenyewe ulikuwa hulioni vizuri. Baada ya hapo ukakaa. Ulikaa kwenye kile kiti cha karibu na dirisha miezi saba. Nilikuwa nikirudi kutoka zamu ya alfajiri, mikono inanuka vyakula tunavyowapikia abiria wa ndege, nakukuta ulivyo kama nilivyokuacha, chai imepoa. Nikikwambia, "Twende nikutembeze," ulijibu, "Umechoka, Mama Rukia. Pumzika." Na kweli nilikuwa nimechoka. Nikapumzika. Hilo ndilo kosa langu la mwanzo, nalijua.

Ndipo akaja Carol.

Aliletwa kukufundisha kutembea kwa fimbo nyeupe. Mwanamke wa miaka sitini hivi, nywele fupi za mvi, viatu vizito kama vya fundi wa mabomba, koti la mvua hata siku ya jua. Si mzuri wala si mbaya. Nilipomfungulia mlango siku ile ya kwanza nilimwonea huruma, nikampa chai na mandazi. Laiti ningejua. Wewe jina lake hukulitamka sawasawa, ulisema "Kerol". Mimi moyoni nikakata herufi ya mwisho, nikamwita Kero. Leo nakwambia.

Alikuwa akija Jumanne na Alhamisi, mimi niko kazini. Wiki ya pili nikarudi nikakuta kile kiti kitupu. Nilipita nyumba nzima nikikuita. Ukaingia saa sita na nusu, mashavu yanang'aa kwa baridi, umetabasamu, meno yote nje, mtu ambaye miezi saba sikumwona meno. Ukasema, "Mama Rukia, leo nimefika mpaka wonky bit."

"Mpaka wapi?"

"Wonky bit!" Ukacheka. "Pale mawe ya njia yameinuliwa na mizizi. Kerol anapaita wonky bit."

Pale, Baba Rukia, ndipo Kwa Bi Mawaridi.

Nilikupakulia wali. Lakini jioni nilimpigia simu Rukia, nikamwuliza, "Wonky maana yake nini?" Mwanao akanijibu kwa Kiingereza, kama desturi yake, kwamba ni kitu kilichokaa upande, kisichonyooka. Nikamwuliza kama ni neno la heshima. Akacheka. "Mum, it's just a silly word. People say it at home." Watu hulisema nyumbani. Wanapokuwa na watu wao. Usingizi uliniruka.

Tangu siku ile nyumba yetu ikajaa vipande vya Kerol. Kulikuwa na "crunchy bit", pale penye changarawe panapolia chini ya kiatu. Kulikuwa na "whiffy bit", nyuma ya duka la kuku wa kukaanga, penye majaa yanayonuka. Kulikuwa na "shouty bit" kando ya ua wa skuli, watoto wanapopiga kelele. Na kipande kirefu cha ukuta kisicho na chochote mlikiita "the boring bit", mkakicheka kila mlipokipita. Ulikuwa ukinisimulia mezani. "Leo shouty bit kimya, kumbe wamefunga skuli." "Leo Kerol kateleza whiffy bit, karibu akae chini!" Nawe unacheka, na mimi natabasamu, na wewe huoni kwamba tabasamu lenyewe halikufika machoni. Nilijua huoni. Namwomba Mungu anisamehe, mara nyingine nilikukunjia uso hivyo hivyo, mbele yako, nikijua huoni.

Siku moja nikakwambia kwa makusudi, "Mlifika Mlango wa Samli?"

Ukainamisha kichwa kama mtu anayetafuta kitu mfukoni. Ukasema, "Ah, crunchy bit? Tulifika."

Ningependa unipige kuliko vile.

Sasa nakuja kwenye ile Ijumaa. Nisikilize vizuri, kwa sababu hili hukulijua.

Kerol alikuwa mgonjwa wiki nzima, mafua makali. Ukasema utakwenda msikitini peke yako. Nikasema hapana, nimeomba siku ya mapumziko, nitakwenda nawe. Nilifurahi, Baba Rukia. Nilifurahi ugonjwa wa mtu. Nikakupigia pasi kanzu, nikakuvalisha kofia uliyoshonewa na dada yako aliyeko kwetu Wete, nikajitia udi kama bibi harusi. Tulipotoka nikakupa mkono ushike. Ukaukataa kwa upole. "Kerol anasema nitangulie mwenyewe, wewe uje nyuma. Mkono unanitia uvivu."

Basi nikaja nyuma. Nikaja nyuma yako nimenuna, umbali wa hatua mbili, natazama fimbo yako ikigonga kulia, kushoto, kulia. Ulikuwa unatembea vizuri. Ulikuwa unatembea kama mtu aliye kwao. Ukipita kila kipande ulikuwa ukikitaja kwa sauti ndogo, unajihesabia: wonky, crunchy, whiffy. Vyote nilivijua sasa, nimevikusanya kimoja kimoja mezani kwangu. Kisha ukapunguza mwendo, ukageuza kichwa.

"Dodgy bit tushaipita?"

Hilo sikulijua. Hukuwahi kulitaja nyumbani. Nilifikiri, kumbe wana mengine wameyaweka, hawanipi. Ningeweza kusema, "Sijui, ni wapi hapo?" Maneno manne tu. Ungesimama ukanieleza. Lakini kukuuliza wewe neno la Kerol, katikati ya njia yangu, mchana kweupe! Nikasema, "Tushaipita zamani. Twende, adhana hiyo."

Ukaniamini. Ukanyoosha mguu.

Dodgy bit, kipande chenye mashaka, ndipo pale kwa wauza matairi, ambapo magari yanatoka kinyumenyume na kukata njia ya waendao kwa miguu. Kila siku ulikuwa ukisimama pale, unasikiliza, kisha ndipo unavuka. Siku ile hukusimama. Gari likatoka. Nililiona mimi, wewe hukuliona, nikaivuta kanzu yako kwa mikono miwili kwa nguvu zangu zote, na wewe ukaanguka nyuma juu ya ukingo wa barabara, mkono wa kushoto chini yako. Nilisikia ulivyovunjika. Fimbo ikapita chini ya gurudumu.

Yule dereva alikuwa mzee wa Kipunjabi mwenye kilemba cha buluu. Alitoka anatetemeka kuliko wewe. Akaleta kiti kutoka dukani, akaleta maji, akawa anasema, "Sorry brother, sorry brother," na wewe, umekaa pale kanzu imechafuka, unamliwaza: "No, no, my fault. I miss my bit."

I miss my bit. Mimi nimesimama pembeni nimeshika kofia yako.

Hospitali tulingoja saa nne nzima. Ukaniambia, "Nilipoteza hesabu, Mama Rukia. Siku zote siipotezi." Nikasema, "Usijali." Nilikuwa na nafasi ya kukwambia. Mbele yetu mtu alikuwa amelala kwenye kiti, hapana aliyekuwa akitusikiliza. Badala ya kukiri nikakushambulia, kama afanyavyo mkosaji. Nikasema, "Hayo yote ni kwa sababu ya majina ya yule mwanamke. Tulikuwa na majina yetu. Ulitupa."

Kisha ukanigeukia, ukautafuta uso wangu kwa ule mkono mzima mpaka ukalipata shavu.

"Mlango wa Samli ni rangi gani?" ukaniuliza.

"Ya samli. Manjano."

"Na Kwa Bi Mawaridi kuna nini?"

"Mawaridi mekundu."

"Na Bwana Shehe anakaa wapi?"

"Dirishani."

"Majina yetu yote ni ya macho, mke wangu," ulisema. "Mimi nikipita pale sikuti kitu. Natembea kwenye njia nyeusi mtu ananitajia manjano. Changarawe nazisikia. Majaa nayanusa. Yale mawe yananipiga kidole. Ningefanyaje?"

Muda wote ule wa kuonea wivu maneno, na hilo halikunipitia akilini hata mara moja. Nililia, wewe ukafikiri nakulilia mkono.

Kerol alipopona alikuja na mkebe wa biskuti. Ulikuwa umelala. Akanifuata huku jikoni, akasimama pale penye friji, akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu alichonitengea mimi kwamba haelewi. Kwamba wewe, kipande kile, hujawahi kukikosa hata siku moja.

Ningeweza kudanganya tena. Sijui kwa nini sikuweza. Nikamwambia kwa Kiingereza changu cha jikoni, "He ask me. I tell him finish, it's past."

"Why?"

"Because I don't know your word. And I don't want to ask you."

Nilingoja anipandishie sauti, nilitaka anipandishie, ningepata sababu ya kumfukuza. Akaweka mkebe mezani. Akasema hatakwambia, kwamba hilo ni langu la kukwambia. Kisha akasema nimpe siku moja nisiyokwenda kazini, yoyote.

Tulitoka Jumanne. Akanifunga macho kwa mtandio wangu mwenyewe mlangoni petu, akanipa fimbo, akaja nyuma yangu hatua mbili. Baba Rukia, njia ile niliyomsukumia mtoto, niliyobebea mifuko miaka ishirini na zaidi, sikuijua. Nilipofika pale penye mizizi nilikwama kama punda. Nilisikia kelele za skuli kutoka mbali nikafurahi kama aliyeona taa. Nilipofika kwa wauza matairi nikasimama mwenyewe, kabla ya kuambiwa, kwa sababu lami pale inateremka kidogo chini ya unyayo na kuna harufu ya mpira. Kerol akasema nyuma yangu, "That's it. Dodgy bit." Nilipofungua mtandio nilikuwa natoka jasho, na nilimchukia zaidi kuliko mwanzo. Alinipa kitu kilichotakiwa kiwe changu. Alikujua kwa miguu yako na masikio yako, mahali ambapo mimi, mkeo, sikuwahi kuingia.

Lakini nilijifunza. Hilo nakubali. Nilibadilisha zamu, na mwaka ule na nusu uliobaki ni mimi niliyekutembeza, hatua mbili nyuma. Nilikuwa nikiyasema yale maneno kwa mdomo wangu wa Kipemba, "kranchi", "wifi", nawe unacheka mpaka unasimama. "Sema tena whiffy." "Wifi." "Wifi yako yuko Wete!" Zilikuwa siku njema. Na kila siku njema nilijiambia, leo nitamwambia ile Ijumaa. Leo, tukirudi. Kesho, tukifika boring bit, hapo pametulia. Sikukwambia. Asubuhi ile ya Jumatano ulikuwa umekaa kitandani unavaa soksi, ukaniuliza nje kuna baridi kiasi gani, nikaenda dirishani kutazama, na niliporudi na jibu hukuwepo wa kulipokea.

Sasa nikwambie jambo ambalo hata Rukia hajui linaniuma kiasi gani. Mimi, kama ilivyo ada yetu, nilibaki nyumbani na wanawake, nimefunikwa, nasomewa. Wanaume wakakuchukua. Kerol hakujua ada. Hakuna aliyemwambia. Akaja makaburini na viatu vyake vile, akasimama mbali kidogo karibu na uzio, akangoja mpaka watu wakaondoka. Alipafahamu mahali ulipolala kabla yangu. Mimi nilikaa eda miezi minne na siku kumi ndani ya nyumba hii, na muda wote huo yupo mwanamke mmoja London anayejua kaburi lako liko mstari wa ngapi, na si mimi. Rukia alisikia kwa waliokuzika, akanieleza kwa nia njema, "She was crying, Mum, it was so sweet." Nikasema, "Mwenyezi Mungu amlipe." Nikaingia chooni, nikafungulia maji, nikang'ata taulo.

Na wiki tatu zilizopita nilikuwa narudi dukani. Nikamwona mbele yangu, koti lile lile. Mbele yake, hatua mbili, mwanamume mnene, kijana kuliko wewe, ana fimbo nyeupe mpya kabisa, anagonga ovyo kama anayeua mende. Wakafika penye mizizi. Nikamsikia Kerol, kwa sauti ile ile ya mtu anayepunga upepo, "Careful now, this is the wonky bit."

Damu ilinipanda. Nilisahau kwamba mimi ni mjane na mtu mzima. Nilikwenda mbio na viazi vyangu, nikasimama mbele yao nikamwambia, "No. That is my husband's. You give him another name."

Yule bwana akasimama, kichwa upande, hajui amevamiwa na nani. Kerol akanitambua. Hakukasirika. Akamwambia yule mtu angoje kidogo, akanivuta kando ya ukuta.

"They're not mine to change," akasema. "Most of them are his. He made them up. I only did wonky and dodgy."

Nikamwuliza, crunchy? Akasema ni lako wewe. Whiffy? Ulilisikia kwenye redio, ukalipenda. Shouty ulilitunga siku ya kwanza mlipopita skuli, ukamwuliza kama ni Kiingereza sahihi, akakwambia sasa ni sahihi. Akasema ulikuwa ukimwambia kwamba kuipa njia majina ni kazi yako ya zamani, kwamba ulianza na mkeo. Yeye alidhani najua.

Sikujua. Ulikuwa ukiniletea maneno yako mwenyewe mezani, na mimi nikiyatemea mate kama ya mtu mwingine. Kwa nini ulisema "Kerol anapaita" ile siku ya kwanza, nami nikaendelea kufikiri hivyo kwa yote? Kwa nini hukusema, "Hili nimelitunga mimi, Mama Rukia, linakupendezaje?" Na mimi kwa nini sikuuliza?

Nilimwomba radhi yule bwana mnene. Nilimwambia aendelee, lakini kwa wauza matairi asimame, asikilize, hata kama mtu yeyote nyuma yake atamwambia pameshapitwa. Akasema, "Thank you, love." Wakaenda. Nilisimama nikawatazama mpaka walipokata kona, mtu nisiyemjua anakanyaga njia yako, na midomo yake inatamka maneno yako, moja baada ya jingine, na atakuwa nayo kesho na keshokutwa. Nilimwonea wivu hata yeye.

Mume wangu, kwa ile Ijumaa nakuomba msamaha. Nilikudanganya ukaniamini, ukavunjika mkono, ukabeba lawama isiyo yako mpaka kaburini. Nisamehe. Ningekuwa na ujasiri ningekwambia pale pale hospitali, mkono wako ukiwa shavuni pangu.

Kwa wivu sikuombi. Ulipokuwa hai nilikuonea wivu na mtu mmoja. Sasa nakugawana na barabara nzima, na hata hivyo sijakubali.

Mwenyezi Mungu akupe nuru huko uliko, na njia pana.

Mimi mkeo,
Mama Rukia